Stroberi za Mama na kihisi changu

Najua nimepotea kwa wiki kadhaa. Leo sina programu mpya ya kuwaonyesha, nina kosa la kukiri.

Mama anaishi Limuru. Mwaka jana alichukua pesa zake za chama, akanunua miche 40 ya stroberi aina ya Chandler na kuipanda nyuma ya nyumba. Alitaka kuwauzia majirani. Mimi mwanawe, msomi wa kompyuta, nikamwambia aachane na ndoo. Nikamfungia pampu ndogo na kihisi cha unyevu, yaani vyuma viwili vya kuchomeka udongoni. Udongo wenye maji hupitisha umeme vizuri, mkavu haupitishi. Programu ikiona ukavu, inafungua maji. Nikarudi Nairobi, nikawa natazama tarakimu kwenye simu.

Tarakimu zilionyesha udongo unakauka kila mara. Nami nikafurahi, pampu inachapa kazi!

Baada ya mwezi mmoja na nusu Mama akapiga simu: "Njoo uone."

Miche 23 ilikuwa imeoza. Kumbe nilikuwa nimeacha umeme upite kwenye vile vyuma usiku na mchana, ukavila polepole. Chuma kilicholika hakipitishi umeme vizuri, kwa hivyo programu iliona jangwa mahali palipokuwa kinamasi. Na stroberi haivumilii kusimama majini. Mizizi yake haiendi chini sana, na pale majani yanapochipukia pakilowa kila siku panaoza.

Nikaanza kumweleza Mama habari za vyuma. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Na wewe ulikuwa wapi? Hata kidole kingekuambia."

Sikuwa na jibu. Simu niliitazama kila asubuhi, lakini yeye sikumpigia.

Kwa wanaotaka kujaribu: washa kihisi sekunde chache tu wakati wa kusoma, kisha ukizime. Na uiwekee pampu kikomo cha maji kwa siku, kihisi kiseme kisemavyo.

Ile miche 17 iliyobaki ilitoa vikonyo vinavyotambaa. Tuliviotesha kwenye mikebe, na sasa tuta limejaa tena. Pampu ingalipo, ila kila Jumamosi naenda mwenyewe. Natia kidole udongoni, halafu tunakunywa chai.

Jumamosi hii tunachuma. Kwaherini kwa sasa.