Siku 60 Kisauni, Kazi Mezani

Wengi mmetuuliza pale kwenye bomba la maji: eti mtu anaweza kubeba kazi yake ya kompyuta hadi Mombasa, akakaa karibu na bahari, na pesa isimwishie? Tulikaa huko Juni na Julai 2023, basi tunawajibu wote pamoja.

Hatukwenda kutembea. Mtoto wetu wa pili alikuwa na shida ya jicho, akaandikiwa barua ya hospitali moja kisiwani, na sisi tukapata kibali cha kutoka Kakuma cha siku 60. Kazi tukaibeba. Tunasikiliza sauti zilizorekodiwa Kivu, tunaandika maneno yake, kisha tunayaweka katika Kifaransa. Mteja yuko Kanada. Anahesabu dakika za sauti, na ukichelewa mara mbili anatafuta mwingine. Mungu atusamehe, njiani tuliwaza intaneti karibu sawa na tulivyowaza jicho.

Tulipita Lodwar na Kitale hadi Nairobi, kisha basi lingine la usiku. Joto la Turkana linakukausha, la Mombasa linakulowesha. Na ilikuwa kusi, msimu ambao wenyeji wanasema ni baridi!

Chumba tulipata Kisauni, ng'ambo ya daraja la Nyali, kwa Sh4,500 kwa mwezi, choo cha pamoja. Soko la Kongowea liko karibu. Asubuhi mahamri na mbaazi za nazi zinashibisha watoto kwa pesa kidogo. Kivuko cha Likoni, ukienda kwa miguu, hulipi. Ufuo wa umma wa Bamburi pia hulipi, unaingia tu. Hadi hapo mji ni rahisi kweli.

Lakini kuna mambo ambayo hayamo kwenye kodi. Stima ni ya tokeni, na mita moja tulitumia vyumba vitatu. Jumamosi moja iliisha katikati ya kazi, na yule ambaye zamu ya kununua ilikuwa yake alikuwa harusini. Maji ya kisima yana chumvi, ya kunywa unanunua kwa mtungi kwenye mkokoteni. Halafu kelele. Miezi hiyo Kanada ya mteja wetu iko nyuma yetu kwa saa saba, kwa hiyo wakifungua ofisi saa tatu asubuhi, kwetu ni saa kumi jioni. Tulifanya kazi hadi saa sita usiku, saa zilezile jirani anapofungua redio. Siku nne tulinyamaza, tukiona sisi ni wageni. Siku ya tano mmoja wetu alibisha hodi akaeleza. Yule mama akasema, "Wanangu, si mngesema tangu juzi?" Akapunguza, na tangu siku hiyo watoto walikula kwake sisi tukiwa tumevaa hedifoni.

Tena mtandao. Tangu 2009 nyaya za intaneti zinapita chini ya bahari na kutokea Mombasa. Moja, TEAMS, inatoka Fujairah kule Falme za Kiarabu. Tulidhani basi intaneti itatumwagikia. Wapi! Chumbani tulitegemea bando ya simu, na simu ilishika vizuri ikikaa dirishani tu, kwenye upepo wa chumvi.

Kiswahili chetu kiliwachekesha sana. Dukani tuliomba "mayi ya kunywa", mwenye duka akatuletea mayai mawili akauliza kama tutayanywa mabichi. Tulicheka wote. Lakini mayi hayohayo, na fasi, na bulongo, ndiyo yanayotulisha: sauti zile za Kivu tulimsikilizisha kijana mmoja wa hapo mwenye kompyuta nzuri kuliko yetu, akaambulia nusu.

Sisi ni watu wa Uvira, tulijiona tunajua maji makubwa. Ila ziwa Tanganyika halipwi na kujaa kila siku. Watoto waliacha ndala mchangani Bamburi wakaenda mbali kufuata kaa. Kurudi, bahari imefika pale na ndala zimeenda. Walilia. Mama wa redio alipata habari, akaleta jozi mbili za wajukuu wake.

Siku zilipokaribia kwisha alituambia, "Bakini, kwani nani atawauliza?" Hesabu ya pesa ilikubali: kodi, chakula, bando, na kidogo kinabaki. Tulibishana usiku mbili. Mmoja wetu alitaka kubaki, na hatutasema ni nani. Ila jicho lilitakiwa kuangaliwa tena Oktoba, na mtoto wa kambini asiye na kibali ataingiaje kisiwani, ataonyesha karatasi gani njiani? Tukirudi kwa wakati tutaomba tena. Tukipitisha hata wiki, tutaomba kwa uso gani?

Kibali kiliisha Jumatano. Tulipanda basi Jumatatu jioni, na kazi ya mwisho tuliituma tukiwa kituoni, kompyuta juu ya godoro lililofungwa kamba.

Hapa Kakuma tunafanya dakika chache zaidi kwa siku, kwa sababu ya umeme wa jua. Mteja hajatuuliza tuko wapi. Kibali cha Oktoba kilitoka, siku 14. Chumba kile kilikuwa kimeshachukuliwa, lakini mama wa redio alitutafutia kingine, upande unaopata upepo.