Mshahara Ulipobaki Nusu

Nilikuwa dereva wa lori, Dar es Salaam hadi Tunduma. Namshukuru Mungu kwamba leo nimesimama kuyasimulia haya. Nakuandikia wewe uliye kitandani, unayehesabu siku za likizo ya ugonjwa huku usingizi hauji.

Maisha ya barabarani wenzangu wanayajua. Unashika usukani alfajiri. Mizani ya Vigwaza foleni, Mikese foleni, Makambako foleni. Chakula ni kile kinachouzwa pale lori linapoegeshwa: chipsi mayai, mbuzi wa kuchoma, soda baridi. Usiku, ili macho yasifumbe kwenye kona za Kitonga, kuna sigara. Tuliishi hivyo wote, na tajiri alitaka mzigo ufike.

Miguu ikaanza kufa ganzi. Kiu haiishi, nasimamisha gari kila mara nikajisaidie. Mke wangu alisema, "Baba, nenda kapime." Safari zikafuatana.

Siku moja pale Mikumi utingo wangu aliona damu sakafuni.

"Kaka, umejikata?"

Nikavua kiatu. Msumari ulikuwa umetoboa soli ukaingia kwenye nyama. Sikuwa nimesikia kitu. Hapo ndipo nilipoogopa.

Hospitali walipima sukari, ikasoma 24. Ukipimwa asubuhi hujala, 7 tu yatosha kuambiwa una kisukari. Daktari alinieleza taratibu: sukari ikikaa juu kwa miaka inaharibu mishipa ya fahamu ya miguu, na sigara nayo inaibana mishipa ya damu, kwa hiyo kidonda hakiumi wala hakiponi. Kidole gumba kikawa cheusi. Wakakata. Cha pili kikafuata.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi siku 126 za ugonjwa katika kila mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za kwanza unalipwa mshahara wote, 63 zinazofuata unalipwa nusu. Baada ya hapo mwajiri halazimiki kukulipa. Mimi niliyajua hayo ujumbe wa benki ulipoingia kwenye simu.

Nusu. Nikasoma tena. Nusu.

Kodi ya nyumba imefika. Mtoto hana nauli ya shule. Kidonda kinanuka, na harufu ile ilikuwa yangu. Usiku huo sala haikutoka. Nilitazama dari. Nikasema, Bwana, nichukue.

Hakunichukua. Alimleta mama kutoka Tukuyu. Aliingia wodini na vumbi la safari, akakaa, nesi alipofungua bandeji akakitazama kidonda bila kugeuza uso, kisha akaomba kwa sauti hadi wagonjwa wa vitanda vya jirani wakaitika amina. Kaka zangu walichanga kodi. Mke wangu akaanza kuuza vitumbua, na sahani yangu akaibadilisha yeye: mboga nyingi, maharage, ugali kidogo, maji mahali pa soda. Sigara iliniondoka kwa tabu. Kusema kweli, kuiacha kulinitesa kuliko kisu.

Kidonda kilifunga zikiwa zimebaki siku chache za ile nusu. Kazini walinipa kazi ya kupanga safari pale yadi, mshahara mdogo kuliko wa zamani, nami nikaupokea kwa mikono miwili. Kila jioni binti yangu ananimulika nyayo kwa tochi ya simu, maana mimi mwenyewe sisikii. Akinyamaza kidogo, moyo unaenda mbio.

Wewe uliyelala leo, cheti cha daktari kifike ofisini mapema, kwa sababu bila cheti mwajiri halazimiki kulipa siku hizo. Mtume mke, kaka, yeyote aliye karibu, na arudi na nakala iliyogongwa muhuri. Vyangu alivipeleka mke wangu, kimoja baada ya kingine, ndiyo maana hata ile nusu ilifika.