Jogoo Mweusi wa Namtumbo

Tulifika Namtumbo kwa barabara itokayo Songea kwenda Tunduru. Mwenyeji wetu, baada ya salamu, alitufungulia banda. Wakatoka kuku wa kienyeji: mweupe pepe, mwekundu, kishingo, kidimu wa manyoya yaliyojikunja, na jogoo mweusi tii asiye na doa. Kila rangi huitenga na jogoo wake. Mayai huatamiwa siku 21, kisha huchagua vifaranga vya mbegu.

Wapo wamtakao yule mweusi kwa bei nono, wampeleke kwa mganga. Mzee huwarudisha.

“Mwanangu, Sura Fatir, aya ya 28, yataja rangi mbalimbali za watu na wanyama. Alizoziumba Allah nizifanye mtaji wa shirki?”

Tulipoaga, mvua ilianza. Paa la banda lilikuwa likivuja.