Jicho lilishonwa hospitalini, kupona kukafanyika nyumbani

BUKAVU – Mshonaji nguo mmoja wa soko la Kadutu, baba wa watoto watatu, amerudi kwenye mashine yake mwezi huu, miezi tisa baada ya ajali ya barabarani iliyompasua jicho la kushoto. Familia yake ilikimbia vita huko Kalehe na inaishi kwa jamaa mtaani Panzi. Hakutaka jina lake litajwe. Alikubali habari yake ielezwe kwa sababu, anasema, mtu anaweza kuokoka ajali kisha akapoteza jicho nyumbani.

Jioni ile alikuwa anatoka Kavumu kwa taksi-basi, kwenye barabara ya kitaifa namba 2, ile inayounganisha Bukavu na Goma kwa kupitia Katana na Minova. Mvua ilikuwa imenyesha. Karibu na Mudaka gari liliteleza, likagonga Fuso iliyosimama bila taa. Yeye alikaa mbele. Mbavu mbili zilivunjika, na kipande cha kioo kikaingia jichoni.

Watu walikuja mbio kusaidia. Mmoja alileta maji ya kuosha jicho, mwingine alitaka kuchomoa kioo kwa vidole. Abiria mmoja, mama muuguzi, akapiga kelele: "Acheni! Musiguse!" Alichukua kikombe cha plastiki, akakata sehemu ya chini, akafunika nayo jicho bila kuligandamiza, akafunga kwa kitambaa. Jicho lililotobolewa likibanwa, vilivyo ndani vinaweza kutoka, na kioo chenyewe huenda ndicho kinachoziba tundu. Maji mengi ni ya mtu aliyeingiwa na sabuni, chokaa au asidi ya betri. Huyo aoshwe palepale, kwa muda mrefu, kabla ya kwenda hospitali.

Hospitalini kioo kilitolewa, na konea, ile ngozi angavu ya mbele ya jicho, ikashonwa kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Alipoamka aliuliza kama fundi: "Daktari, umepiga nyuzi ngapi?" Akajibiwa: "Sita." Alitaka kucheka, mbavu zikamkataza.

Kazi ngumu ilianza Panzi. Chumba kimoja, watu saba, mbabula ya makala mlangoni, watoto wanaopenda kumrukia baba yao. Dawa za matone zilikuwa za aina mbili. Dada yake mdogo wa miaka 15 ndiye aliyeshika kazi: kunawa mikono, kuvuta chini kope ya chini, tone moja, jicho kufungwa, kungoja dakika tano kabla ya dawa ya pili. Usiku alimfunga kifuniko ili asijisugue usingizini.

Wiki ya pili mama yao alileta maji ya majani. "Mwanangu, nyote niliwalea kwa majani haya." Binti akasimama katikati: "Mama, yaya ana kidonda ndani ya jicho. Uchafu ukiingia, halitapona." Mama alikasirika siku mbili. Siku ya tatu alikuwa yeye anayekumbusha saa ya dawa.

Pesa nazo zilisumbua. Benki za Bukavu zilikuwa zimefungwa tangu M23 ilipouingia mji Februari 2025, na chupa ya matone ikishafunguliwa haitakiwi kupita mwezi mmoja. Ndugu walichanga kwa simu, kidogo kidogo. Mwezi wa tano baada ya ajali lenzi ya jicho ilikuwa imekuwa nyeupe, mtoto wa jicho uliotokana na kupigwa, akapasuliwa mara ya pili.

Leo jicho hilo linaona rangi, na vidole kwa hatua chache. Alipoanza kutembea alimwaga chai pembeni ya kikombe na kukosea ngazi za mlimani, kwa sababu jicho moja halipimi vizuri umbali. Pikipiki zinazotokea kushoto bado zinamshtua. Anashona pindo na mifuko; suti ameziacha kwanza. Dada yake humtungia uzi kwenye sindano.

Daktari amemwonya alinde pia jicho la kulia. Mara chache, jicho lililoumia husababisha ugonjwa katika jicho zima, hata baada ya miezi au miaka. Louis Braille, Mfaransa aliyebuni maandishi ya vipofu, aliumia jicho moja mwaka 1812, akiwa na miaka 3, kwa chombo cha baba yake cha kutobolea ngozi. Muda mfupi baadaye alikuwa kipofu wa macho yote mawili. Siku hizi dawa zipo, mgonjwa akiwahi. Maumivu yanayozidi, wekundu, usaha, mwanga unaochoma, kuona kunakopungua, mimweko au kivuli kama pazia: hayo si ya kungojea kesho.

Karatasi zake za hospitali anaziweka pamoja na kadi ya mpiga kura, katika mfuko mmoja wa plastiki, juu ya mlango. Wakilazimika kukimbia tena, daktari wa huko watakakofika atajua pa kuanzia.