Nyumba ya Mbao na Brashi ya Mchoraji

Wahenga walinena kwamba nyumba njema si mlango. Methali hii humhusu mchoraji kuliko mtu mwingine, kwani yeye hutuonyesha mlango tu, kisha akatutaka tuhisi yaliyomo ndani.

Mgeni afikapo mjini Meru huelekezwa kwenye Makavazi ya Meru, yaliyofunguliwa mwaka wa 1974. Humo mna boma la Wameru wa kale, lenye nyumba za msonge zilizoezekwa nyasi. Makavazi yenyewe yamo katika jengo la mawe la enzi ya ukoloni. Hivyo, msonge umehifadhiwa na jiwe limehifadhiwa. Baina ya hivyo viwili ipo nyumba ya tatu isiyo na mtunzaji: nyumba ya mbao yenye paa la mabati, ambamo wengi wa wazazi wa leo walizaliwa na kulelewa. Huko Kaaga, palipo na Chuo Kikuu cha Methodisti cha Kenya, nyumba ya aina hiyo hubomolewa ili kupisha ya mawe, na hakuna aiombolezaye.

Wachoraji nao wameipuuza, wala si ajabu. Wanunuzi wa picha, hasa watalii, hupenda twiga na simba. Nani atalipia mbao zilizogeuka kijivu kwa mvua na jua, masizi juu ya mlango wa jiko, au pipa la kukinga maji ya paa? Hata hivyo, mambo hayo ndiyo humrudisha mtu kwao. Aliye Nairobi akiyaona katika picha, atasikia mvua ikipiga mabati kabla hajatamka neno.

Mfano bora haupo mbali. Katika miaka ya 1950, Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, Tanganyika, alichora maisha ya Yesu katika kuta za kanisa la Anglikana la Murang'a, upande wa pili wa Mlima Kenya. Hakuazima mandhari ya Ulaya. Aliyaweka masimulizi hayo katika mazingira ya Waafrika wenyeji. Kwa kufanya hivyo alitangaza kwamba makazi ya mkulima wa kawaida yanastahili kubeba jambo tukufu.

Funzo hilo lina uzito hata leo. Mtoto akiambiwa darasani achore nyumba, aghalabu huchora ile ya kitabuni yenye dohani, ambayo hajapata kuiona kijijini mwao. Akishakua, ataamini kwamba nyumba halisi ni ya wengine, na ya kwao ilikuwa kibanda cha kusubiria.

Mkataa kwao ni mtumwa. Basi wachoraji wa Kaaga na waichore nyumba ya mbao ingali imesimama, pamoja na masizi yake, bila kuipamba.