Joto la Dar na namna tunavyopoa

Wadau, joto la Dar halina mswalie mtume. Kuanzia Desemba mpaka Machi nyuzi zinapita 30, unaoga, unajifuta, unalowa tena kabla hujafunga vifungo vya shati. Chumba nilichopanga ni bati tupu, hakina dari. Saa nane usiku feni inanipulizia hewa ya moto, na umeme ukikatika hata hiyo sina.

Basi tunapoa kienyeji. Mchana kuna muuza madafu na baiskeli yake: unakunywa umesimama, anakupasulia, unakwangua nyama laini kwa kipande cha kumbi lake lenyewe. Juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi nayo si haba.

Lakini kiboko yao ni kivuko cha Magogoni. Daraja la Kigamboni lilifunguliwa mwaka 2016, mimi bado napanda kivuko, tena bila safari! Nasimama upande wa upepo, kaskazi inanipiga kifuani, nafika ng'ambo, nakata tiketi nyingine narudi.

Jumapili jioni ni Coco Beach, na mihogo yenye pilipili inayokutoa jasho upya (Wabongo bwana!). Kama hujui kuogelea, maji yakifika magotini ridhika. Pale hakuna geti wala kiingilio. Ukielekea Mbezi na Kunduchi, sehemu kubwa ya ufukwe iko nyuma ya kuta za hoteli na nyumba za watu. Sisi wa chumba kimoja kiyoyozi chetu ni bahari. Nayo ikizungushiwa ukuta wote, jamani, tutakwenda kupoa wapi?