Spidomita ya Boti ya Mjomba

Mjomba wangu ni nahodha wa boti ya kukodishwa pale Katunguru, kwenye Mfereji wa Kazinga unaounganisha Ziwa George na Ziwa Edward. Boti yenyewe ni kuukuu. Likizo iliyopita spidomita yake ilianza kusema uongo: mara mshale unalala kwenye sifuri boti ikiwa inakwenda, mara unabaki kwenye 20 boti ikiwa imefungwa mwaloni. Mwenye boti, anayekaa mjini Kasese, aliiona hiyo 20 akaamini kwamba mjomba huikimbiza boti na kumaliza petroli. Akasema bei ya spidomita mpya itakatwa kwenye mshahara wake.

Mshahara huo ndio unaosomesha binamu zangu watatu kule Bwera. Nikamwambia, "Mjomba, tuichunguze kwanza."

Spidomita ya namna hii haifanyi kazi kama ya pikipiki, ambayo huzungushwa na gurudumu kwa kebo. Nyuma ya boti, chini ya maji, kuna tundu dogo linalotazama mbele. Boti ikienda, maji husukuma hewa iliyomo ndani ya mpira mwembamba hadi kwenye saa, na msukumo huo ndio unaopandisha mshale. Basi hitilafu iko mahali patatu tu: tunduni, kwenye mpira, au ndani ya saa.

Tuliivuta boti ufukweni, tukachomoa mpira nyuma ya saa, nikapuliza. Hewa haikupita. Mjomba akachokoa tundu kwa waya mwembamba, likatoka tope la kijani. Tope hilo ndilo lililosema uongo wa aina mbili. Likiziba tundu kabla ya safari, mshale haupandi. Likiziba boti ikiwa mwendoni, msukumo hunaswa ndani na mshale haushuki.

Tukaijaribu majini tukilinganisha na simu. Kwa kuwa mkondo unaelekea Ziwa Edward, tulikwenda na kurudi tukachukua wastani. Boti ikienda kasi, vipimo vilikaribiana. Ikienda polepole, mshale haukusogea sana, kwa sababu mwendo ukipungua nusu, msukumo hubaki robo. Kwa hiyo karibu na viboko, ambako mwendo ni wa taratibu, mjomba haitegemei spidomita; hutazama mawimbi anayoyaacha nyuma.

Mwenye boti alipokuja, sikumweleza mengi. Nilipuliza ndani ya mpira kuelekea kwenye saa, kisha nikaubana kwa vidole. Mshale ukapanda ukaganda hapo, boti ikiwa imefungwa. Akautazama kwa muda, akamgeukia mjomba, akauliza waya wa kuchokolea unauzwa wapi.

Mshahara haukukatwa.